Sura ya Sita: Jeraha Hupona Kwanza

Mtu anayefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito siku hizi hatoki hospitalini na kovu refu la kutisha. Daktari hupitisha kamera na vifaa vyake kwenye matundu madogo manne au matano, mgonjwa hulala wodini usiku mmoja au miwili, hupewa mapumziko ya wiki mbili hadi nne, na baada ya hapo mwajiri wake, watu wa nyumbani kwake, na hata yeye mwenyewe humhesabu kuwa amepona. Sura hii inaikataa hesabu hiyo. Kinachopona ndani ya mwezi ule ni ngozi na mshono. Mwili wenyewe, uliobadilishiwa utaratibu wa njaa, wa kusaga chakula na wa kufyonza virutubisho, huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kutulia, na yapo mambo ambayo hayatulii tena, hutunzwa tu maisha yote. Ukiyatazama madhara yanayowapata watu hawa utakuta kwamba, ukiondoa machache ya siku za mwanzo, mengi huja baada ya mgonjwa kuacha kujiona mgonjwa. Aliyejipanga kwa mwezi mmoja anaweza kufika mwezi wa nane hana daktari wa kumwona, hana vidonge, wala hana fedha ya vipimo.

Hoja hii haieleweki bila kujua ndani kumefanyika nini. Upasuaji unaofanyika zaidi duniani kwa sasa ni ule wa kukata mfuko wa tumbo kwa urefu na kuondoa kiasi cha asilimia 75 hadi 80, kikabaki kitu mfano wa mrija. Wa pili ni wa kuchepusha chakula: daktari hutenga kijifuko cha juu kinachobeba takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Aina hii ya pili ina mizizi yake Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960, ambako Edward Mason alitumia jambo lililokuwa likijulikana kwa madaktari wa vidonda vya tumbo: wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo walipungua na wakabaki wamepungua. Wengi hudhani siri yote ni udogo wa mfuko. Sivyo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua homoni ya njaa iitwayo grelini, ambayo hutengenezwa kwa wingi katika sehemu ileile ya juu ya tumbo inayoondolewa. Na chakula kinapofika mapema kwenye utumbo, homoni za kushibisha, GLP-1 ikiwa mojawapo, hupanda kuliko kawaida. Ndiyo maana Walter Pories na wenzake waliweza kuripoti mwaka 1995 kwamba sukari ya wagonjwa wengi wa kisukari ilishuka katika siku chache, kabla hata uzito haujapungua kwa maana. Huu basi ni upasuaji wa homoni kama ulivyo wa nyama, na homoni hazifuati kalenda ya mshono.

Siku za mwanzo nitazipita kwa haraka, si kwa kuzidharau, bali kwa sababu ndizo zinazosimamiwa vizuri kuliko zote. Utafiti wa hospitali kumi za Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia watu 4,776, na waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3. Hatari mbili ndizo za kukumbuka. Moja ni mshono wa ndani kuvuja: moyo kwenda mbio kupita mapigo 120 kwa dakika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au maumivu ya bega la kushoto yasiyoeleweka. Hayo si ya kusubiri asubuhi. Nyingine ni damu kuganda miguuni na donge kupanda mapafuni, na ndiyo sababu wauguzi humwinua mgonjwa atembee siku ileile, hata akilalamika. Anayesafiri kwenda India au Uturuki kufanyiwa upasuaji kwa bei nafuu kisha akapanda ndege ya saa nyingi kabla ya wakati hujiongezea hatari hiyo, na huiacha nyuma timu pekee inayojua ndani mwake kumeshonwa vipi.

Kisha linakuja suala la kula, na hapa wengi hushangaa, maana walitarajia maumivu ndiyo yawe mazito. Kwa kawaida huanza na vinywaji vyepesi visivyo na sukari, kisha maziwa, supu na uji mwepesi kwa wiki mbili hivi, kisha chakula kilichopondwa laini, kisha chakula laini, na mnamo wiki ya sita hadi ya nane ndipo chakula cha kawaida kinaporudi kwa vipande vidogo. Vijitabu vingi wanavyopewa wagonjwa vimeandikwa kwa jikoni za Ulaya, vikitaja jibini na siagi ya lozi, na mtu wa Morogoro au Kisumu huishia kukisia. Kanuni yenyewe lakini inahamishika. Protini huja kwanza, kati ya gramu 60 na 80 kwa siku, nayo haihitaji unga wa kopo wa bei kubwa: mayai, samaki, maziwa mgando yasiyo na sukari, maharage na kunde zilizochujwa, na baadaye dagaa, wanaoleta na kalsiamu pia. Wanga unaofanya donge ndio unaosumbua. Mkate laini, wali na nyama ngumu ya kuchoma hukwama kwa watu wengi miezi ya mwanzo, na ugali mgumu, unaotakiwa kumezwa kwa tonge, hauna sababu ya kuwa tofauti. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiri kama nusu saa, na hunywewa kwa mafundo madogo siku nzima, maana bilauri nzima kwa mkupuo haina pa kwenda. Kwa Mwislamu hili linagusa Ramadhani: anayeweza kunywa kidogo kidogo tu hawezi kufidia kiu ya kutwa nzima kati ya futari na daku, hivyo saumu ya mwaka wa kwanza ni jambo la kuzungumza na daktari mapema na kulitafutia ruhusa ya kidini iliyopo, si la kujaribu kimyakimya.

Sukari nayo ina adhabu yake, hasa kwa waliochepushiwa chakula. Soda, juisi au chai iliyokolezwa sukari huporomoka mpaka kwenye utumbo bila kucheleweshwa, na ndani ya nusu saa mtu hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota na kuhara hufuata. Wengine hupata jambo jingine saa moja hadi tatu baadaye: insulini hutoka kupita kiasi, sukari ya damu hushuka chini, mtu akatetemeka au kuzirai. Yupo anayelifurahia hilo kama askari wa kumzuia peremende. Mimi naliona kuwa msaada dhaifu, kwa kuwa kwa wengi hali hiyo hupoa kadiri muda unavyokwenda, ilhali biskuti na aiskrimu zinazoyeyuka mdomoni hupita kirahisi kuliko kipande cha samaki.

Mwezi wa tatu hadi wa sita nywele hukatika. Hutisha, lakini ni mwitikio wa mwili kwa mshtuko wa kupungua haraka, nazo huota tena iwapo protini na madini vinatosha. Kipindi hichohicho kupungua kwa kasi huweza kutengeneza mawe katika mfuko wa nyongo, kwa hiyo maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya kula si gesi mpaka yathibitishwe kuwa gesi. Na lipo jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: uzazi. Mwanamke ambaye hedhi yake ilikuwa imevurugwa na unene anaweza kuanza kupevusha mayai ndani ya miezi michache, huku amezoea kuamini kwamba hashiki mimba. Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu mtoto anayekua ndani ya mwili unaopungua kwa kasi hushindana na mama yake kwa chakula ambacho wala mama hakimtoshi. Baada ya kuchepusha chakula, vidonge vya kuzuia mimba huenda visifyonzwe inavyopasa. Kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi.

Sasa tufike kwenye kiini. Pingamizi linalosikika sana ni hili: miezi kumi imepita, nimepungua, najisikia vizuri kuliko nilivyowahi, vipimo vya nini? Jibu lipo katika akiba. Ini hutunza vitamini B12 ya kutosha kwa miaka kadhaa. Aliyekatwa tumbo hufyonza kidogo sana ya B12 iliyomo kwenye chakula, lakini hula akiba yake bila kuhisi chochote, mpaka siku ganzi inapoanza kwenye vidole vya miguu, na neva zilizokwisha kuharibika hazirudi zote. Madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, pale panaporukwa na chakula kilichochepushwa. Upungufu wa damu kwa wanawake wanaopata hedhi na kudhoofika kwa mifupa huja polepole vivyo hivyo. Mwili hapa ni kama duka linalouza stoo yake bila kununua bidhaa mpya: rafu zimejaa, mteja anahudumiwa, na mwenye duka anaamini biashara ni nzuri. Kujisikia vizuri si ushahidi. Ushahidi ni kipimo cha damu, mara kadhaa mwaka wa kwanza na angalau mara moja kila mwaka baada ya hapo, pamoja na vidonge vya kila siku ambavyo havina tarehe ya kukoma. Vidonge vyenyewe vina adabu zake: chuma na kalsiamu haviingii pamoja bali hutenganishwa kwa saa mbili hivi, na chai ya rangi baada ya chakula, desturi yetu ya pwani na bara, huzuia chuma kufyonzwa.

Historia inalo fundisho kali juu ya hili. Mwaka 1954 madaktari wa Marekani, Arnold Kremen na John Linner, walieleza upasuaji wa kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, sehemu kubwa ya katikati ikaachwa bila kazi. Katika miaka ya 1960 na 1970 maelfu walifanyiwa upasuaji wa aina hiyo. Walipungua sana, na kwa mizani ulikuwa ushindi. Kisha ini za baadhi yao zikafeli, figo zikajaa mawe, mifupa na viungo vikauma, na upasuaji huo ukaachwa. Wengi ilibidi wafunguliwe tena warudishiwe utumbo wao. Upasuaji wa leo ni salama kwa mbali sana kuliko ule. Lakini kosa la kuipima afya kwa mizani ndilo lililouchelewesha ulimwengu wa tiba kuliona lile balaa, na wagonjwa wa leo wanalirudia kila mmoja nyumbani kwake.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye akili na hisia, na ndio unaoipa nguvu zaidi hoja ya kutazama mbele ya mwaka mmoja. Watafiti wa zile hospitali kumi za Marekani waliangalia matumizi mabaya ya pombe. Kabla ya upasuaji waliokuwa na tatizo hilo walikuwa asilimia 7.6; mwaka wa kwanza baada yake, asilimia 7.3. Angesimama hapo mtafiti, angesema hakuna neno. Mwaka wa pili ikawa asilimia 9.6, na waliochepushiwa chakula ndio waliokuwa hatarini zaidi, kwa kuwa pombe huingia kwenye damu yao haraka na kilele chake ni kikubwa: bia moja hufanya kazi ya mbili. Huko Utah, uchunguzi uliolinganisha watu 7,925 waliopasuliwa na idadi kama hiyo ya wasiopasuliwa ulionyesha mwaka 2007 kwamba vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 40, na vifo vya kisukari kwa asilimia 92. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba vifo visivyotokana na maradhi, vikiwemo ajali na kujiua, vilikuwa juu kwa asilimia 58. Takwimu hii haisemi upasuaji huwafanya watu wajiue. Waliokubali kupasuliwa huenda walibeba mizigo mingine tangu mwanzo. Inachosema ni kwamba mtu aliyekuwa akitulizwa na chakula ameondolewa kitulizo chake, na huenda hakuna aliyemuuliza ataweka nini mahali pake.

Kwetu mzigo huo una sura ya ziada. Ulaya mtu akipungua hupongezwa. Afrika Mashariki anaweza kuulizwa kama anaumwa, na swali hilo lina kumbukumbu mbaya nyuma yake: mwaka 1985 ugonjwa mpya wa Uganda uliandikwa kwenye jarida la tiba kwa jina ambalo wananchi walikuwa wameshalipa, Slim, nao ulikuwa UKIMWI. Kizazi kilichozika ndugu zake miaka hiyo bado huusoma wembamba wa ghafla kama hukumu. Mgonjwa aliyeamua kutowaambia watu kuhusu upasuaji wake, na ni haki yake, hujikuta akijieleza msibani na harusini, mbele ya sinia ambalo kula kwake vijiko vitatu kunasomeka kama dharau kwa mwenyeji. Ni busara kuamua mapema nani ataambiwa nini. Ngozi inayolegea baada ya mwili kupungua, ambayo hairudi kwa mazoezi wala kwa mafuta ya kupaka, nayo huwavunja moyo wengi waliokuwa wameandaliwa kwa kila kitu isipokuwa kioo.

Halafu uzito hurudi kidogo. Karibu wote hufikia uzito wa chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha hupanda. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ndio uliofuatilia watu kwa muda mrefu kuliko mwingi mwingine: baada ya miaka kumi waliochepushiwa chakula walikuwa bado wamepungua asilimia 25 ya uzito wa awali, ilhali wasiopasuliwa walikuwa karibu palepale walipoanzia. Asilimia 25 kwa miaka kumi ni jambo ambalo hakuna mlo uliowahi kulifikia kwa kundi kubwa la watu. Lakini mtu ambaye mwaka wa kwanza alikuwa amepungua zaidi ya hapo huziona kilo zinazorudi kama aibu, na aibu humfanya aikimbie kliniki hasa wakati anapoihitaji. Kupanda huko ni sehemu ya mkondo wenyewe wa tiba hii, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kulala mezani.

Msomaji makini atauliza: ikiwa ndivyo, kuna faida gani? Kwa anayestahili, ipo, na ni kubwa. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, na mwaka 2020 wakakadiria kwamba waliishi takriban miaka mitatu zaidi, ingawa bado pungufu ya watu wa kawaida kwa miaka mitano na nusu. Katika jaribio la Cleveland, Marekani, lililowahusu wagonjwa 150 wa kisukari, baada ya miaka mitano waliofikia lengo la sukari waliotumia dawa peke yake walikuwa asilimia 5. Waliochepushiwa chakula asilimia 29. Waliokatwa tumbo asilimia 23. Wanaouita upasuaji huu njia ya mkato ya wavivu hawajauona mwaka wa kwanza wake. Ninachokipinga ni kuuzwa kwake kama tukio, wakati takwimu hizi zote zinausifu kama tiba ya muda mrefu: walioishi zaidi Sweden walikuwa ndani ya utafiti, wakiitwa, wakipimwa, mwaka baada ya mwaka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la hali zetu. Ufuatiliaji wa maisha ni maneno mazuri Stockholm. Dodoma au Mombasa bima inaweza kukataa, na vipimo vya vitamini havipatikani kila maabara. Ni kweli, na sioni jibu jepesi. Lakini ugumu wa ufuatiliaji hauufanyi usihitajike. Unafanya gharama yake iwe sehemu ya uamuzi wa mwanzo. Bei ya kifurushi inayotajwa kwa mgonjwa huishia mlango wa kutokea. Aongeze juu yake vidonge na vipimo vya miaka mitano, na kama jumla hiyo haiwezekani, asubiri, au achague hatua isiyobadilisha utumbo moja kwa moja, kama puto la tumboni ambalo hospitali ya Mloganzila nchini Tanzania imekuwa ikiweka miaka ya karibuni, na ambalo hutolewa baada ya miezi, ingawa uzito nao baada ya hapo hurudi kirahisi zaidi.

Kuna sehemu moja ya ufuatiliaji isiyo na gharama: karatasi. Daktari wa zahanati atakayempokea mgonjwa huyu usiku hajui alichofanyiwa, na matundu matano yaliyofifia hayamwambii chochote. Karatasi itaje aina ya upasuaji na tarehe. Itaje kwamba diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo duka lolote la dawa humpa mtu mwenye maumivu ya mgongo bila swali, zinaweza kumtoboa mtu aliyechepushiwa chakula mahali palipounganishwa, na kwamba sigara hufanya vivyo hivyo. Parasetamoli ndiyo yake. Na itaje kutapika. Mtu aliyetapika kwa wiki mbili au tatu katika miezi ya mwanzo ameishiwa vitamini B1, ambayo mwili hauiweki akiba kwa zaidi ya wiki chache. Akifika zahanati atadhaniwa ana malaria, taifodi au mimba, na kwa huruma atatundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi hiyo humalizia B1 iliyobaki, na mgonjwa huweza kuanza kuyumba, macho kucheza na kuchanganyikiwa, baadhi wasirudishiwe tena kumbukumbu zao. Sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu huzuia yote hayo, na ni dawa ya bei ya chini. Iandikwe kwenye mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, na nakala moja ikae kwa mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa.